Damu ya Nani, Mbuzi wa Nani

Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya askari 435 wa Tanzania waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Upo mnara mweupe, na kwenye mnara yapo majina. Siku ya Mashujaa, Julai 25, inapoadhimishwa kitaifa, iwe hapo Kaboya kama ilivyokuwa mwaka 2013 chini ya Rais Jakaya Kikwete, iwe penye mnara mwingine nchini, shughuli huenda kwa utaratibu unaofahamika: Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, wengine wanafuata na shada la maua, upinde na mishale, shoka. Tarumbeta inalia, umati unasimama kimya, kisha viongozi wa dini wanapokezana dua na sala. Hakuna mnyama anayechinjwa wala pombe inayomwagwa, lakini mzee aliyewahi kuona tambiko hahitaji kufafanuliwa anachokitazama. Wako wakubwa waliovaa rasmi, kuna vitu vinavyowekwa chini kwa mpangilio, wapo marehemu wanaotajwa, na ipo kauli ambayo msemaji yeyote siku hiyo ataifikia, kwamba hawa walijitoa mhanga kwa ajili yetu.

Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba hatuulizi tena imetoka wapi. Kamusi zinatupa mhanga wa aina mbili: mnyama mla mchwa mwenye pua ndefu, achimbaye mashimo usiku, na yule anayetolewa, au anayejitoa, ili jambo la wengine litimie. Karibu naye wanakaa jamaa zake: kafara, neno lililotufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kufuta kosa, sadaka, zaka, tambiko. Yote yalizaliwa mbele ya Mungu au mbele ya mizimu, na yote leo yanafanya kazi kwenye siasa. Waziri akiondolewa, "ametolewa kafara". Bei zikipanda, wananchi wanaombwa "kujitoa". Meli ikizama, waliokufa wanaitwa "wahanga". Sina ugomvi na kuazima maneno, maana lugha yoyote inayotumika huazima. Ninachodai ni kwamba siasa iliazima damu ikaacha masharti yake madhabahuni, na masharti hayo ndiyo yaliyokuwa yakizuia utoaji usigeuke uporaji.

Tuyatazame masharti yenyewe, maana yanasahaulika upesi. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 16, ndiko alikotoka yule mbuzi maarufu wa Azazeli, anayewekewa mikono na kuungamiwa dhambi za taifa zima, kisha anapelekwa nyikani. Wengi wanamkumbuka mbuzi. Wachache wanakumbuka kwamba kabla kuhani hajamgusa mbuzi wa watu, alitakiwa kwanza atoe ng'ombe wake mwenyewe kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake. Mkubwa alianza na lake. Katika 2 Samweli, mfalme Daudi anataka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna. Arauna anampa bure uwanja, ng'ombe na hata kuni, na Daudi anakataa. Anaona si halali kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu chochote, kwa hiyo analipa fedha. Kwa Waislamu, kafara ya kuvunja kiapo ina kipimo kinachojulikana: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Anajua aanzie wapi na aishie wapi. Mnyama wa kuchinjwa Idi el-Hajj naye ana sifa zake. Mwenye chongo la wazi, kilema, mgonjwa au aliyekonda hafai. Kwa maneno mengine, huruhusiwi kumtolea Mungu yule ambaye ulikuwa unatafuta namna ya kumwondoa zizini. Na kote huko mnyama ni wa mtoaji. Mwizi wa mbuzi akimchinja kwa jina la Mungu, bado ni mwizi wa mbuzi.

Buhaya, nchi ya Wahaya ambamo Muleba imo, ilikuwa na sharti lake, la zamani kuliko misikiti na parokia, na kwa maoni yangu ndilo lililo wazi kuliko yote. Ni omukago, undugu wa kuchanjiana. Wanaume wawili waliotaka kuwa ndugu walichukua tunda moja la kahawa. Tunda la kahawa lina buni mbili, zimelaliana uso kwa uso ndani ya ganda moja. Ndiyo maana lilichaguliwa. Kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, buni yake ikapakwa damu yake, kisha wakabadilishana: huyu akameza buni yenye damu ya yule, na yule ya huyu. Tangu hapo nyumba ya mmoja ilikuwa nyumba ya mwenzake, na kumtendea hila ndugu wa omukago kulikuwa kosa la kuogopwa. Tazama hesabu yake. Damu ni kidogo, inatoka kwa wote wawili, inatoka siku moja, na kila mtoaji ni mpokeaji. Hakuna wa tatu anayesimama kando kuhutubia juu ya uzuri wa damu ile.

Huyo wa tatu tunampata kwa urahisi kwenye barua za kisiasa za Marekani changa. Novemba 13, 1787, Thomas Jefferson, akiwa balozi wa nchi yake Paris, alimwandikia William Stephens Smith, mkwe wa John Adams, kuhusu uasi wa wakulima wa Massachusetts walioelemewa na madeni na kodi, uasi uliopewa jina la Daniel Shays. Wenzake wengi walikuwa wametishika. Jefferson aliona ni jambo la kawaida, akaeleza kwamba mti wa uhuru unahitaji kunyweshwa mara kwa mara damu ya wazalendo na ya madhalimu, kwa sababu hiyo ndiyo mbolea yake ya asili. Picha hiyo ni ya kale. Mungu aliye ndani ya mti, damu inayomwagwa shinani, rutuba inayofuata: ibada nyingi za zamani zimo ndani ya sentensi moja ya mtu aliyejihesabu mwana wa akili na sayansi. Imependwa hadi leo, na ni rahisi kuona kwa nini, maana inapendeza masikioni. Lakini mwandishi alikuwa ng'ambo ya bahari, salama, akiandika juu ya damu ya wakulima asiowajua, naye alikuwa bwana wa watumwa ambao katika maisha yake yote walizidi 600. Mti ule ulikuwa unanyweshwa kutoka kisima cha jirani.

Mkulima wa Muleba angekuwa na la kumwambia Jefferson kuhusu mbolea. Kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, hakistawi kwa maneno. Samadi inatoka kwa ng'ombe wa mtu, nyasi za kufunika shamba zinakatwa rweya, kwenye mbuga za majani, na kubebwa kichwani, mara nyingi na mwanamke, na kila mwaka ni kuanza upya. Zaidi ya hapo, Wahaya huzika kibanjani. Babu na bibi wamelala chini ya migomba ileile inayolisha wajukuu. Kama kuna watu wenye haki ya kusema kwamba wafu wao wanarutubisha ardhi, ni hawa, kwa maana halisi kabisa. Hata hivyo Mhaya hamwiti babu yake mbolea. Kaburi ni sababu ya kutouza kibanja na ni alama ya ukoo. Anayeona wafu kama samadi ni yule ambaye wafu si wake.

Sauti nyingine ya kale ilitufikia kwa mkono wa mtu tunayemfahamu. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ndani yake Bruto, akipanga na wenzake kumuua Kaizari, anawasihi waonekane kama watoa kafara na si kama wachinjaji wa buchani. Anataka kisu kilekile, mwili uleule na damu ileile, ila jina libadilike. Ni miongoni mwa maelezo makali kuliko yote niyajuayo ya kazi ambayo maneno ya madhabahu hufanya katika siasa, na rais aliyekuwa madarakani alikaa akayatafutia Kiswahili. Labda ndiyo sababu, ingawa hili ni dhana yangu tu, hotuba yake ya Novemba 2, 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuvamia na Amin kutangaza kwamba ardhi hadi mto Kagera ni yake, inakumbukwa kwa maneno makavu. Alihesabu mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Inasikika kama fundi anayekagua vifaa kabla ya kuanza kazi.

Baada ya ushindi mambo yalibadilika. Amin alikuwa ameng'olewa, Kampala ilikuwa imetekwa Aprili 11, 1979, lakini hazina ilikuwa tupu. Wananchi walikwisha kutoa ng'ombe na chakula, na magari ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari. Ndipo Mwalimu akaomba miezi 18 ya kufunga mkanda. Kwa haki yake, ombi lile lilikuwa na kipimo, kama kafara ya kweli ilivyo na kipimo: lilitaja muda. Tatizo ni kwamba miezi 18 ilipita na mkanda haukulegea. Foleni za sukari na sabuni ziliendelea miaka ya themanini, na mkulima wa kahawa wa Buhaya, ambaye zao lake lilikuwa likileta fedha za kigeni, alisubiri malipo huku akikosa kipande cha kitambaa dukani. Wapo watakaosema sababu ni bei ya mafuta, ukame na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, nami nakubali kwamba zote zilichangia. Lakini kafara isiyo na mwisho imebadilika jina. Aliyeambiwa afunge siku tatu, kisha ya nne ikaja bila maelezo, ana njaa tu.

Msomaji makini atasema ninayachukulia maneno kwa uzito usiostahili. Lugha imejaa picha zilizokufa. Asemaye "mguu wa meza" hafikirii nyama na mfupa, na mwandishi wa habari aandikaye "wahanga wa tetemeko" hafikirii madhabahu. Hoja hii ina nguvu, na kwa maneno mengi ni kweli tupu. Kwa haya siamini. Septemba 10, 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Bukoba na jirani zake, nyumba zikaanguka, watu zaidi ya 15 wakafa. Magazeti yaliwaita walioathirika "wahanga". Michango ikamiminika kutoka kila kona, nayo iliitwa kwa jina la upole, kutoa. Rais John Magufuli alipofika Kagera Januari 2017 alisema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Fedha zilielekezwa kwenye majengo ya umma, shule zikiwemo. Huenda uamuzi huo ulikuwa sahihi kiuchumi. Lakini manung'uniko yaliyofuata hayaeleweki kama hujui sheria ya sadaka, kwamba kilichotolewa kwa ajili ya fulani hakigeuzwi njiani bila mtoaji kuulizwa. Watu walikuwa wakidai sharti la madhabahu, ingawa hawakuliita hivyo. Picha iliyokufa haiamshi manung'uniko.

Kuna ushahidi mzito zaidi, nao nitautaja kwa ufupi kwa sababu haufai kutumiwa kama pambo la hoja. Kanda ya Ziwa imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri au cheo. Mwaka 2024 hapohapo Muleba mtoto wa miaka miwili aliporwa mikononi mwa mama yake, akakutwa ameuawa, na watuhumiwa wakafikishwa mahakamani Bukoba. Katika wilaya ambamo hilo limetokea, mtu hawezi kusema kwamba kafara ni neno tu.

Tofauti niisemayo ilionekana Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani, hatua chache kutoka uwanja wa Bukoba. Walikuwamo watu 43. 24 waliokolewa, 19 walikufa. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, na kijana mmoja alipigana na mlango wa ndege kwa kasia. Huyo alijitoa mhanga, na neno halina deni kwake: alijua hatari, mwili aliouhatarisha ulikuwa wake, na hakutumwa na mtu. Baadaye alichukuliwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lakini mtu aliweza kusoma habari ileile na kuwakuta abiria waliokufa nao wakiitwa wahanga. Wao walinunua tiketi. Hawakujitoa kwa lolote, na hakuna kilichonunuliwa kwa vifo vyao. Kuwapa neno moja na mvuvi ni kumnyang'anya mvuvi uamuzi wake, na kuwafanya abiria waonekane kana kwamba walikuwa sehemu ya mpango. "Waliokufa", "walioathirika", "manusura": Kiswahili hakikosi maneno.

Upande wa pili wa madhabahu ndio unaopendwa zaidi na wanasiasa, nao ni ule wa mbuzi anayebebeshwa makosa. Desemba 2014, Rais Kikwete alimwondoa kwenye uwaziri wa ardhi Profesa Anna Tibaijuka, mbunge wa Muleba Kusini, kufuatia sakata la fedha za akaunti ya Escrow na shilingi bilioni 1.6 zilizoingia kwenye akaunti yake, fedha ambazo yeye alieleza kuwa ni mchango wa shule. Katika mambo ya namna hiyo nchi hugawanyika palepale: wengine husema mtu amewajibishwa, wengine husema ametolewa kafara. Si kazi yangu kuamua hapa. Ninachokiona ni kwamba neno kafara huja upesi mno midomoni mwetu, na linapokuja huzima maswali mawili kwa pamoja. Linamsafisha aliyeondolewa bila kuchunguza alichofanya, kwa kuwa mbuzi wa kafara kwa desturi hana kosa. Linawasafisha pia waliobaki, kwa kuwa mbuzi akishakwenda nyikani dhambi zimekwenda naye. Na swali la Mambo ya Walawi halisikiki kabisa: kuhani ametoa ng'ombe wake?

Yuko aliyetoa. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati watu walipoteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Hakuna aliyedai kwamba alimgusa mtu. Mwaka 1977 alijiuzulu mwenyewe, kwa hoja kwamba vyombo vile vilikuwa chini yake. Alichokitoa kilikuwa chake, yaani cheo chake, na kosa alilolibeba hakulisukuma kwa karani. Mbuzi wa Azazeli harudi kutoka nyikani. Mwinyi alipelekwa ubalozini Misri, akarudi, na mwaka 1985 akawa Rais. Pengine ndiyo njia ya kuwatofautisha, ingawa nakiri kwamba si kila anayejiuzulu hupata bahati ya kurudi.

Linabaki pingamizi ambalo naliheshimu kuliko mengine. Taifa, wanasema, haliwezi kuwazika askari wake kwa lugha ya ofisi. Ukimwambia mjane kwamba mumewe "alifariki akiwa kazini", umemdhulumu. Lugha ya kujitoa inampa maumivu yake mahali pa kukaa. Ni kweli, na kwa Kaboya sina la kupunguza. Askari alikula kiapo, alijua bunduki ni ya nini, na taifa lililomtuma limeandika jina lake juu ya jiwe, linarudi Julai kulisimamia. Masharti yametimizwa kadiri wanadamu wanavyoweza. Hata mgambo waliochukuliwa vijijini kwa haraka, ambao hiari yao ilikuwa finyu, angalau walikuwa na silaha mkononi na sababu mbele ya macho yao, kwa kuwa nyumba zilizokuwa zikiungua zilikuwa za Watanzania wenzao.

Lakini makaburi ya Kaboya ni ya wanajeshi. Kaskazini zaidi, kuelekea Kyaka, ambako daraja la mto Kagera lilivunjwa na wavamizi mwanzoni mwa Novemba 1978 na ambako magofu ya kanisa lililobomolewa kwa mabomu yamesimama hadi leo, waliokufa walikuwa raia. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 1,500. Walikuwa wakichuma ndizi, wakichunga, wakikimbia na watoto mgongoni. Hawakuapa wala hawakuulizwa. Hotuba inayowajumlisha pamoja na askari, kwamba wote walijitoa mhanga kwa ajili ya uhuru wetu, ina nia njema, lakini inamficha aliyewaua, kwa sababu mwenye kujitoa hana muuaji. Kitenzi kinachowafaa kipo, nacho kinambakiza mtendaji wake nyuma ya pazia akisubiri kutajwa: waliuawa. Wale ambao ndugu zao walirudi wakakuta cha kuzika, walizikwa kwa desturi, kibanjani, chini ya migomba.